Zamu ya Kikapu

Juzi, katika benki moja hapa Kilosa, nilimkuta dirishani mama wa Zambia anayetuletea vitenge tangu biashara kati ya nchi zetu ilipofunguliwa. Alitaka akaunti, kwa kuwa alichoka kusafiri na pesa za mauzo kazifunga kiunoni, akihofia wezi njia nzima.

"Wewe si mkazi, mama," karani alimwambia. "Lete mdhamini mwenye akaunti hapa, anayekufahamu."

"Mwenye nyumba wangu anayo. Namfuata."

"Tunakaribia kufunga. Na ukirudi unapanga foleni upya."

"Nitapanga sasa hivi." Aliweka kikapu chake nyuma yangu, akatoka mbio.

Akaingia mzee mmoja, akasimama nyuma ya kikapu. Kila tuliposogea, alikisukuma taratibu kwa fimbo yake. Nilipomaliza shida yangu, kikapu kikawa dirishani.

"Anayefuata!" karani aliita. "Shikamoo mzee, karibu."

"Marahaba. Lakini si zamu yangu, mwanangu. Ni ya kikapu."

Tulicheka, karani naye akacheka, akangoja. Mara yule mama akaingia akihema, amemshika mkono mwenye nyumba wake, ambaye mikono yake imejaa unga.

"Huyu unamfahamu?" karani alimwuliza mwenye nyumba.

"Nisingemfahamu ningeacha ugali jikoni?"

Akaunti ikafunguliwa. Sheria inataka mdhamini anayemfahamu mgeni, nami siipingi. Lakini mdhamini wa kwanza siku ile alikuwa yule mzee, ambaye hata sura ya mgeni hakuwa ameiona.