Baiskeli Iliyoachiwa Nafasi ya Kukua

Tangu fremu ya baiskeli yake ya zamani ipasuke, fundi cherehani yule hakukalika. Asubuhi anafungua duka, anakaa kwenye cherehani, anashona mkono mmoja wa shati, kisha huyo, amesimama mlangoni anaikodolea macho barabara kana kwamba ameahidiwa mgeni. Akirudi ndani anatafuta chaki iliyo nyuma ya sikio lake mwenyewe. Nyumbani ndiyo usiseme. Anaanza chai anaiacha, anafungua redio anaizima, anatoka uani, anarudi, anatoka tena.

Mkewe aligawa dawa katika zahanati ya mtaa, na alikuwa na ulimi uliochoma kuliko sindano zote za pale. Alimvumilia, kisha uvumilivu ukamwishia.

"Baba watoto, hata nilipokuwa na uchungu wa kujifungua hukuhangaika hivi."

"Ule uchungu ulikuwa wako."

"Haya. Na huu wako nani atakukanda mgongo?"

Mtaa mzima ulimwita Atakua. Alikuwa akishona sare za shule, na hakuna mtoto aliyewahi kutoka dukani kwake na sare inayomkaa sawasawa. Mzazi akilalamika kwamba sketi inaburura, yeye anajibu na pini zake mdomoni, "Atakua tu." Pindo la ndani analiacha pana, linashushwa kidogo kidogo kila mwaka, na wapo waliomaliza shule na sketi ileile waliyoanza nayo. Kazi hiyo aliifanya tangu ujana hadi mvi zikampanda mpaka kwenye nyusi, na jina lake halisi nadhani hata mkewe angeulizwa ghafla, ingebidi afikiri kidogo.

Baiskeli ya milimani aliianza ukubwani, baada ya daktari kumwambia kwamba kiti kile cha cherehani kitamuua polepole. Aliyemfuata huko porini ni kitinda mimba wake, msichana aliyefanya kazi ya kukata vioo vya miwani. Kila Jumapili baba na binti walipita nyuma ya viwanda vya matofali, wakaingia msitu wa misonobari, wakafuata njia nyembamba ya mawe na mizizi mpaka kwenye mnara wa simu juu ya kilima. Watoto wengine walikwishaondoka nyumbani, kila mmoja na begi lake, na yeye aliwasindikiza mpaka barabarani bila kelele. Kwa huyu wa mwisho moyo ulikataa. Na siku za karibuni alikuwa ameona jambo lisilompendeza: binti anafika juu kabla yake, tena si kidogo; yeye akifika anamkuta amekwishakaa juu ya jiwe. Atakua akaamua kwamba kosa ni la baiskeli. Akipata nzuri, atamfikia. Asipoipata, msichana atachoka kumsubiri, na Jumapili zao zitakuwa zimekwisha.

Basi akawa kiguu na njia. Hakuna duka la baiskeli mjini ambalo hakuingia. Alizinyanyua kwa mkono mmoja kupima uzito, akazigeuza juu chini, akapapasa fremu kwa kidole gumba kama anayetafuta nailoni iliyofichwa ndani ya pamba. Duka hili wakamwambia achukue yenye shokapu mbele na nyuma, mashimo yote yatamezwa, mgongo wake utashukuru. Duka lile wakamcheka: ya kupandia vilima ni yenye shokapu za mbele tu, maana ile nyingine ni nzito, na kila ukikanyaga pedali nguvu zako zinaishia kwenye springi. Asubuhi alikuwa upande wa hawa, mchana amehamia kwa wale. Alibishana na wateja, akabishana na pasi. Akamuuliza binti yake, akajibiwa achukue nyepesi, ya shokapu za mbele, matairi makubwa yenye meno. Jibu lilikuwa zuri kabisa. Lakini Atakua hakutulia. Alitaka jibu litakalompandisha mlima.

Hatimaye akatua kwenye duka moja la pembeni, ambako dada mwenye duka alikuwa hana haraka wala maneno mengi.

"Mzee, kabla hujaniuliza gia, simama hapa ukutani."

Hilo "mzee" lilimkera. Hata hivyo akasimama. Dada akamwambia abane kitabu katikati ya mapaja, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye kitabu.

"Saizi yako ni ya kati."

Kupimwa, yeye? Yeye aliyepima nusu ya mji huu? Akaivua futi kamba iliyokuwa bado inaning'inia shingoni, akajipima upya mwenyewe, mguu, mkono, kiwiliwili. Na mkono ule uliozoea watoto ukafanya kile ulichofanya maisha yake yote: kila kipimo ukakiongezea kidogo.

"Nipe kubwa," akasema.

"Itakushinda. Usukani utakuwa mbali nawe."

"Nitaizoea."

Kidogo tu aseme nitakua. Jamani! Mtu mzima, wajukuu anao, anajiachia nafasi kama mtoto wa darasa la kwanza. Dada alimtazama, akatazama fremu, akainua mabega, maana mteja ni mteja. Atakua akatoka na baiskeli ya kijani inayong'aa, nyepesi, shokapu za mbele, matairi makubwa yenye meno, kila kitu sawa isipokuwa yeye aliye juu yake.

Uani kwake aliipanda mbele ya mkewe.

"Mbona umetandazwa kama nguo kwenye kamba?" mke akauliza.

"Ndivyo wanavyokaa wenye mbio."

"Wenye mbio gani? Wanaokimbilia kwa daktari wa mgongo?"

Binti aliporudi kazini aliizunguka baiskeli ile, akamtazama baba yake aliyekuwa bado yuko juu ya kiti anatabasamu masikio kwa masikio. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Nzuri, Baba," akasema.

Jumapili ilipofika Atakua alikuwa tayari kabla ya birika kuchemka. Mpaka viwanda vya matofali mambo yalikwenda vizuri; tambarare ilimficha. Walipoanza kupanda, akaiona kazi. Mikono ilikuwa imenyooka hadi mwisho, shingo inamvuta, na gurudumu la mbele kila lilipogonga jiwe lilienda lilikotaka lenyewe. Akakaza meno. Binti alikuwa mbele, akipotea na kutokea kati ya miti, na Atakua akakanyaga pedali kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, akijiambia leo ni leo, leo lazima amkamate. Kwenye kona yenye mizizi akavuta usukani. Usukani ukachelewa. Baiskeli ikaenda moja kwa moja kichakani, naye juu yake, kisha yeye chini yake.

Binti alirudi mbio, akaitupa baiskeli yake njiani.

"Umeumia?"

"Mwili mzima. Aibu ndiyo nyingi."

Alimtoa miiba mgongoni, akamkalisha kwenye gogo.

"Baba, hii ni kubwa kwako. Niliona tangu siku ile."

"Sasa kwa nini ulinyamaza?"

"Ulikuwa na furaha." Msichana akang'oa jani, akalikunjakunja. "Na kuna jambo jingine sijakwambia. Kuna timu ya mbio za milimani hapa mjini, wananitaka. Walinifuata zamani, kabla ya mvua. Wanafanya mazoezi Jumapili."

"Ukawaambia nini?"

"Nimewaambia Jumapili nina mtu wa kumwangalia."

Atakua hakuelewa mara moja. Alidhani ni mchumba, hata akataka kuuliza ni nani huyo. Halafu akaelewa, na damu ikamchemka.

"Mimi si mgonjwa!"

"Najua."

"Nimehangaika mji mzima kutafuta baiskeli hii! Nimeinunua nikufikie!"

"Hutanifikia, Baba."

Alilisema polepole, bila ukali, kama anavyowaambia wateja wake kwamba jicho hilo halitaona tena bila kioo. Ndiyo maana liliuma zaidi. Angelisema kwa hasira, wangegombana na yangekwisha. Yule mzee alikuwa akidhani anamsindikiza mtoto wake porini, kumbe mtoto ndiye aliyekuwa akimlea, na kwa kumlea alikuwa ameiweka timu nzima mlangoni ikisubiri. Akaona aibu ya kweli sasa, si ile ya kichakani. Akaona na woga pia, maana alijua kinachofuata, na hapakuwa na duka la kwenda kukitafutia dawa.

Alikaa pale akisugua goti. Kisha akainuka, akaichomoa ile baiskeli ya kijani kichakani, akanyoosha kiti kilichokuwa kimepinda.

"Panda," akasema.

"Baba..."

"Panda nikuone."

Binti akapanda. Miguu yake ilikuwa mirefu, na mikono ikaufikia usukani bila kujivuta. Ilimkaa kama aliyepimiwa.

"Nenda mpaka kwenye mnara urudi. Usinisubiri popote. Nitakaa hapahapa."

Alianza taratibu, akageuza shingo kumtazama. Atakua akampungia mkono kwa hasira, kama anayefukuza kuku. "Nenda!"

Ndipo akaenda. Aliinuka kwenye kiti, mabega yakashuka, na ile njia ambayo baba yake aliipanda kwa kusukuma nusu yake ikaanza kupita chini yake tu. Mawe aliyaruka. Kona ya juu, ambapo Atakua hushuka na kutembea, aliingia na kutoka bila kugusa breki. Akaonekana kwenye uwazi wa kwanza, akaonekana kwenye wa pili, juu kabisa, mdogo, halafu mnara ukamficha. Atakua alisimama mdomo wazi. Alifurahi mpaka machozi yakamlenga, na papo hapo moyo ukamuuma, maana hakuwa amewahi kumwona akipanda hivi.

Binti aliporudi chini alikuwa amelowa jasho, kifua kinapanda na kushuka, anahema, hawezi kutamka neno. Kwa miaka mingi alipanda mlima huu akimsimulia baba yake habari za kazini, za mama yake, za wateja wanaokataa miwani mikubwa, mwanzo mpaka mwisho, pumzi haimkatiki hata kidogo, na baba mtu akidhani ana mtoto msemaji tu.

"Hiyo ni yako," Atakua akasema, akaokota ile ya binti pale njiani ilipotupwa. "Na hao watu wa timu, waambie Jumapili ijayo unakwenda."

Binti alitaka kujibu. Akainua mkono kuomba angoje kidogo, maana pumzi ilikuwa bado haijamrudia.