Fundi wa Upinde

Agosti 1974 nilimzika baba yangu, fundi mwashi, wiki mbili baada ya kijiji chetu kuhamishiwa kando ya barabara ya Chala. Haya ninayosimulia niliyaona mchana kweupe, nikiwa na akili zangu.

Kanisa la zamani tuliliacha huko tulikohama. Baba alilijenga ujanani, akifundishwa na mabruda wa Kizungu. Walimwambia kwao Ulaya yapo makanisa ya kale yanayofanana na ngome: kuta nene, madirisha membamba, mlango wa upinde wa nusu duara. Na hilo letu lilikuwa hivyo hivyo. Padri aliruhusu tulivunje, mawe yajenge shule mpya.

Tulikwenda wanne. Nami, mtoto wa mwashi, nikaanza kuchimba chini ya nguzo ya mlango, kama tunavyoangusha nyumba ya udongo. Ujinga gani huo?

"Wewe, unataka kujizika na wenzako?"

Mzee nisiyemjua alisimama ndani ya mlango, ndevu zimejaa chokaa. Nikapiga magoti na kupiga makofi taratibu, kama tunavyowasalimu wakubwa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Upinde hauvunjwi kuanzia miguuni. Weka kiunzi cha miti chini yake, kisha toa mawe ya juu. Baba yako hakukufundisha?"

"Amefariki, mzee."

"Najua. Amefika salama. Tumeshaanza kazi."

Nikainama kufuta machozi. Nilipoinua uso, hayupo. Kwenye vumbi kulikuwa na nyayo zangu tu.

"Unaongea na nani?" wenzangu waliuliza kutoka nje. Mmoja akasema, "Mwacheni, ni msiba huo."

Nilikataa kuendelea mpaka tukate miti. Walinung'unika, lakini tukaikata, tukaunga kiunzi chini ya upinde. Niamini: tulipotoa mawe machache ya juu, nguzo niliyoichimba ilititia, upinde wote ukaikalia ile miti. Ikatoa mlio, lakini ikashika. Wenzangu watatu walikuwa chini yake. Hakuna aliyenicheka tena.

Upinde ule sasa ni mlango wa shule. Nawe unayevunja kazi ya waliotangulia, ukisikia sauti inakukemea, weka sururu chini kwanza, usikilize.

Jioni ya siku ile nilimweleza mama.

"Huyo ni Salvatori, mwenzake baba yako. Alianguka kutoka jukwaani akafa, wakijenga mlango huo, wewe hujazaliwa." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, mama akacheka. "Basi huko hakulaliki! Watabishana juu ya chokaa kama zamani, mpaka Mungu mwenyewe awaamue."