Kila Nyumba ya Kendu Ilikuwa kwa Muhindi

Nyinyi vijana mnaoshuka Kendu Bay siku hizi kupiga picha nyumba za zamani, mnashikashika nguzo na kuambiana "angalia, hii ni ya wakati wa mkoloni," nisikizeni. Mji huo mkongwe nimeutembea kwa miguu kuwashinda, na sikuuona uzuri wake. Nilikuwa natafuta mlango mmoja.

Ilikuwa miaka ya tisini, simu za mkononi hazijafika kwetu. Binti yangu wa pili alikuwa ameolewa Kendu, ila ng'ombe wa mahari walikuwa hawajaja. Baba yake akasema hakuna mtu wa boma letu atakanyaga kule mpaka aone pembe za ng'ombe langoni. Mimi ndiyo kabisa. Kwetu Wajaluo mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani, hawaangaliani usoni, sembuse kuingia nyumbani kwake mahari haijalipwa. Basi tukakaa kwetu Suna mwaka mzima na zaidi, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua binti analala wapi. Hiyo tuliita heshima.

Asubuhi moja lori la omena, wale dagaa wa ziwani, lililokuwa linaenda Isebania likasimama barabarani. Mwanamke mfanyabiashara akashuka mbio mpaka langoni kwangu.

"Mama, msichana wako anaumwa uchungu tangu juzi. Mtoto hatoki. Jirani yake amenituma nikuambie."

"Anakaa wapi?"

"Kwa Muhindi, karibu na ziwa."

Lori likapiga honi, akakimbia. Kwa Muhindi. Niliona yatosha. Nikafunga leso kiunoni nikatoka, mzee wangu sikumuaga.

Kendu nilifika jua likiwa utosini. Nikamwuliza mwanamke aliyekuwa anakaanga samaki kando ya barabara, nyumba ya Muhindi ni gani? Akacheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Mama, angalia mbele yako. Unaona nyumba yenye si ya Muhindi hapo?"

Nikaangalia. Mtaa wote, mkono huu na mkono ule, ni maduka ya zamani yenye veranda, nguzo nene, milango mirefu ya mbao, mabati mekundu kwa kutu. Wahindi waliyajenga wakati wa Mzungu, pamba ilipokuwa pamba, kisha wakaenda zao mmoja mmoja. Nyumba zikabaki zinaitwa zao.

"Muhindi gani?" akauliza. "Wa pamba? Wa vitambaa? Wa mashine ya unga?"

"Wa karibu na ziwa."

"Zote ziko karibu na ziwa, mama."

Nikaenda kwa Muhindi wa vitambaa, nikakuta mafundi cherehani wamejaa kwenye veranda, hawamjui. Kwa Muhindi wa pamba nikakuta stoo tupu na mbuzi wamelala ndani. Kwa wa mashine ya unga mzee mmoja akaniambia, "Humu tumepanga watu wengi, na wenye mimba ni wengi." Nilizunguka hivyo mpaka kivuli changu kikaanza kurefuka. Nikaacha kuuliza, nikaanza kusikiliza. Kila mlango uliofungwa niliuwekea sikio, kama kuna mtu anaguna ndani.

Mwanamume aliyekuwa anashona nyavu akanipigia kelele: "Nyanya! Unatega sikio mlangoni kwa watu, umbea umekwisha kwenu?"

"Natafuta mtoto wangu. Ana uchungu wa kuzaa."

Akaacha sindano. "Yule? Nyuma ya msikiti, geti la buluu. Jana tulimsikia akilia." Akaelekeza kidole kule. "Leo hatujamsikia."

Sijui miguu ilinifikishaje. Nilisukuma geti nikaona ua, vyumba vikiuzunguka, na mkwe wangu amesimama kwenye veranda. Aliponiona akaruka nyuma ya nguzo, mwanaume mzima, akajificha. Jirani aliyenitumia ujumbe akasimama mlangoni, mikono ameitanua.

"Mama, huwezi kuingia. Kitanda cha mkwe wako kiko hapo hapo. Utamletea huyu mtoto chira."

Chira ni laana ya kuvunja mwiko, na humkondesha mtu mpaka afe. Msinicheke. Niliiamini, na bado naiamini. Nilisimama pale na mwanangu yuko hatua tatu kutoka kwangu, na mguu ukakataa.

"Nyumba hii nani alijenga?" nikauliza.

"Muhindi."

"Na huyu wa nyuma ya nguzo?"

"Anapanga chumba."

"Basi hii si boma yake. Boma ya mtu ni pale baba yake amemkatia ardhi, akafungua lango lake. Hapa ni kwa Muhindi, na Muhindi si mkwe wangu. Toka mlangoni."

Nikaingia. Binti alikuwa macho, midomo imekauka, hawezi kusema. Kwa kuwa sikuruhusiwa kuongea na mkwe, niliongea na ukuta.

"Ukuta, mwambie yule ang'oe ubao mrefu wa kufungia duka, alete na wanaume watatu. Sasa hivi!"

Nguzo ikajibu, "Ndiyo, mama."

Tukampitisha katikati ya mji juu ya ubao, mkwe akishika mbele, mimi nyuma, tusionane uso, mpaka hospitali. Muuguzi akaniuliza, "Nyinyi watu wake mlikuwa wapi siku zote hizi?" Walimpasua. Mtoto msichana akatoka mzima, lakini kizazi cha binti yangu kilikuwa kimechanika, wakakitoa. Hakuzaa tena.

Niliporudi Suna mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake.

"Uliingia?"

"Niliingia."

"Kabla ya ng'ombe?"

"Kabla ya ng'ombe."

Akageuza uso. Nikaita wote waliokuwa bomani, wavulana kwa wasichana, yeye akiwa amekaa hapo hapo anasikia.

"Kuanzia leo, binti wa boma hii akiolewa, ng'ombe waje wasije, mmoja wenu atamfuata kabla mwezi haujaisha, aguse mlango wake kwa mkono, arudi aniambie uko wapi. Dada yenu aliyeolewa Homa Bay, nani anajua mlango wake? Hakuna. Nyinyi wawili wakubwa, mnatoka kesho asubuhi."