Kucha ya Tano

Shen Qiaoyun alizijua ngazi alizopanda bwana aliyemdarizia kwa kuhesabu ndege. Siku alipoletwa Beijing kutoka Suzhou, akimwacha binti yake wa miaka minne kwa bibi, Gui Lian alikuwa karani tu wa maghala ya nafaka, na ndege aliyemdarizia kifuani, alama ya cheo, alikuwa kware. Haukupita mwaka akataka bata. Kisha yangeyange, kisha tausi. Kila ndege mpya alikuwa na mtu aliyechongewa akavuliwa wake. Na kila mafuriko yalipokuja, mchele wa wenye njaa uliingilia mlango wa nyuma wa Gui Lian. Qiaoyun aliona yote, akanyamaza, akatunga uzi. Alikuwa na mtoto wa kumrudia.

"Nikivaa korongo, unakwenda kwenu," bwana alimwahidi. Korongo ndiye ndege wa juu kabisa. Akamvaa, na Qiaoyun hakwenda popote.

Mwaka wa nane, Gui Lian alimletea joho la hariri lililochorwa joka kwa chaki.

"Kucha tano kila mguu," alisema.

"Bwana mkubwa, ninyi wakubwa tunawashonea nne. Tano ni za Mfalme Mkuu."

"Nani kakuuliza? Nitalivaa humu humu ndani. Maliza, kesho yake unapanda mashua kwa mwanao."

"Hata korongo uliniambia hivyo hivyo."

Gui Lian akacheka. "Una mdomo wewe! Safari hii naapa."

Kilichomuuma Qiaoyun ni kwamba safari hii alimwamini. Mwenye joho la namna ile angependa mshonaji wake awe mbali. Lakini kwa kucha ya tano watu hukatwa kichwa, na sheria haiulizi nani alituma. Akashona magamba, sharubu, mawingu, na kucha nne kila mguu. Akaishia hapo. Kila siku alikuwa na kisingizio, mara macho yanamuuma, mara uzi wa dhahabu si wenyewe. Gui Lian akamnyang'anya jiko la makaa katikati ya baridi.

"Vijikucha vinne tu vimebaki, mwanangu!" Mama Hao wa jikoni alimfokea. "Vitie uende zako! Unangoja uozee humu?"

"Nikivitia, Mama Hao, nitakwenda bila kichwa."

Mwezi wa kwanza Mfalme Mkuu alifariki. Mwanawe aliyemrithi hakumpenda Gui Lian hata kidogo, na siku ya tano askari walikuwa langoni. Mkubwa yule alitolewa nje na soksi tu miguuni, akiwaita kwa majina watu waliompigia magoti juzi, na hakuna aliyegeuka. Qiaoyun alidhani angefurahi. Hakufurahi, aliogopa, maana joho lilikuwa bado kwenye fremu na sindano yake imechomekwa humo.

Mkaguzi, mzee mwenye mgongo uliopinda, alihesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu, nne. Akahesabu miguu yote. Kisha akaikuna ile chaki.

"Hapa pamechorwa ya tano."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Nani kachora?"

"Yeye mwenyewe, mkono wake huo. Mimi kazi yangu kushona, na hapo sijashona."

"Umekaa nalo hivi kwa muda gani?"

"Miezi minne."

Mzee akavitazama vidole vya Qiaoyun vilivyovimba kwa baridi.

"Miezi minne, na kucha haijaisha," alisema. "Mdarizi mvivu hivi hatumtaki Beijing. Rudi kwenu!"

Suzhou, msichana wa miaka kumi na miwili alikuwa mlangoni akimenya maharage.

"Bibi, kuna mtu!"

"Nimekuja kwako, Suhe," Qiaoyun alisema.

Msichana aliinuka polepole. "Mama? Si ulisema utarudi kabla sijang'oka jino?" Akapanua kinywa. "Haya, tazama. Yote mapya."

Qiaoyun akamshika kidevu, akayatazama moja moja, huku analia kwa sauti wala haoni haya, mpaka binti akachoka kupanua kinywa.

"Basi, Mama," alisema, akimvuta mkono. "Ingia, wali unapoa."