Gari Nililoliona kwa Juu

Juzi mkaza mwanangu alifungua chupa ya mafuta ya mbarika amnyweshe mjukuu wangu, ambaye tumbo lilikuwa limemfunga tangu Ijumaa. Mtoto kunusa tu, akaingia mvunguni. Mie nilikuwa nimekaa uani nakata vitunguu, na ile harufu iliponifika, nzito, ya kuchefua, niliweka kisu chini. Ninyi mnaonisoma mtadhani nilikumbuka vijiko nilivyonyweshwa utotoni. La. Nilikumbuka leso ya mama yangu, na gari.

Nyumba yetu ilikuwa Ndia Kuu, juu ya duka la vitambaa la baba. Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimevunja ungo, na kwa watu wetu zama zile hilo lilikuwa na maana moja tu: mwari hatoki. Jana yake wakimbia na wenzio mpaka forodhani kutazama mizigo ikishushwa, leo waambiwa ngazi ile huishuki tena mpaka uolewe. Nikaachiwa dirisha la kimia, lile la mbao nyembamba zilizopishanishwa, ambalo aliye ndani aiona njia na aliye njiani hamwoni.

Na mama yangu alikuwa mkali wa jambo hili kushinda wanawake wote wa mtaa. Hata ukucha wake haukuonekana njiani. Nikitia kidole kwenye tundu la kimia alinipiga mkono. "Toa kidole hicho! Wataka wapita njia wakuhesabie vidole?"

Basi katika mwezi huo huo wa kwanza, jamani, likaja gari.

Magari ya moto tulikuwa hatuyajui. Mombasa ilikuwa na punda, na vile vigari vidogo vya relini vilivyosukumwa na watu, ambamo wakubwa wa serikali walikaa chini ya kivuli cha turubai. Hili lilikuwa kitu kingine. Lilikuwa la mzungu mmoja aliyekuwa akipita kwenda bara, na baba alisema ni gari la mashindano, halikutengenezwa kubeba watu wala mzigo ila kumshinda mwenzake mbio. Mama akauliza, "Likisha kumshinda, laenda wapi?" Baba akakohoa, akashuka dukani.

Lilipotolewa bandarini lilikwenda kidogo tu, likazimika chini ya dirisha letu, likakataa katakata kuwaka. Mzungu akaenda kutafuta hamali na behewa la kulipakia, akamwacha askari mmoja alilinde. Likakaa pale siku kadhaa, na mimi juu yake.

Nililipenda. Sina neno jingine. Lilikuwa jekundu, pua yake ndefu kushinda mwili, na pua hiyo imefungwa mkanda wa ngozi wenye bizimu ya kufungia kama wa tandiko la farasi. Nyuma ya pua palikuwa na viti viwili vilivyo wazi, usukani wa mbao, kisha pipa lililolazwa, lenye kifuniko cha shaba kilichowaka jua lilipokuwa utosini. Niliyajua yote hayo kwa juu tu. Chini yake lilikuwaje, ubavuni lilikuwaje, lilisimama juu ya nini, sikujua. Nilimwuliza baba, aliyelipita kila akitoka kuswali. Baba alilitazama kama wanaume wanavyotazama vitu: anasimama, anafunga mikono nyuma, anatikisa kichwa, anaondoka.

"Baba, ubavuni lina nini?"

"Ubavuni lina ubavu, mwanangu." Akafikiri. "Na namba. Namba saba."

Asubuhi moja nilimwendea mama jikoni. Nilimwomba anishushe mara moja tu, ndani ya shiraa, niliguse lile gari, kisha nisitoke tena hata nikizeeka. Shiraa, kwa wasioikuta, ilikuwa nguo nzito iliyotandazwa juu ya vijiti, wanawake wa nyumbani wakaishika pembeni, na bibi mwenye nyumba akatembea katikati. Watu waliona hema linatembea. Aliye ndani aliona mahali anapokanyaga, basi.

Mama hakugeuka. Alikuwa akikuna nazi, na mbuzi ikaendelea kulia krr, krr chini ya mkono wake.

"Mwari hatoki."

"Lakini mama, ndani ya shiraa nani ataniona?"

"Ukitoka leo, kesho sitoulizwa gari. Nitaulizwa nimemlea nani. Nenda kasuke ukindu."

"Wewe hujui mtu kutaka kitu!" nilimwambia. Mbuzi ikanyamaza. Nilidhani atanipiga, lakini alinitazama tu, kisha akaendelea kukuna. Nilikwenda chumba cha nyuma, kisicho na dirisha la njiani, nikalala nimeuelekea ukuta. Sikula chakula cha mchana. Alasiri, saa ambayo kila siku nilikuwa kwenye kimia, nilibaki pale pale ukutani ili mama ajue jinsi nilivyokasirika. Nilisikia akitoka kwenda matangani Kibokoni, na Binti Feruzi, aliyekuwa mtu wa nyumbani kwetu tangu sijazaliwa, akiita wenziwe waje washike shiraa.

Walirudi jua limeinama. Nilimsikia Binti Feruzi ngazini akilalama, "Mgongo wangu, wallahi! Mtu ainamishwe vile mpaka..." kisha akakatiza, na nilijua mama amemtazama. Mama akaingia chumbani kwangu, akaketi kwenye mkeka. Alinuka mafuta ya mbarika. Leso yake, nyeupe, ilikuwa imechafuka huko chini.

"Una nini, mama?" nikauliza, kwa sababu hasira ina mwisho na udadisi hauna.

"Kulikuwa na mtoto aumwa tumbo matangani. Chupa imenimwagikia." Akaikusanya leso mapajani. Kisha akasema, kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo, "Magurudumu yake ni ya mbao. Yana njiti nene, na nje yamevikwa mpira."

Niligeuka nikakaa kitako.

Akaniambia kila kitu. Kwamba kuna minyororo miwili, mmoja kila upande, inayotoka tumboni na kuyavuta magurudumu ya nyuma. Kwamba mwili wote umekalia vyuma vyembamba vilivyopangwa kimoja juu ya kimoja, virefu juu na vifupi chini. Kwamba tumboni, kule ndani kusikofika jua, limefungwa bati kwa parafujo, na parafujo moja imepotea, pametiwa kijiti cha mti.

"Uliona vipi yote hayo?"

"Aliye kwenye shiraa aona nini kama si chini? Wewe una juu, mimi nina chini. Haya, wataka kusuka mikeka au wataka kutengeneza gari?"

Marehemu babu yangu alikuwa mchonga milango, na sanduku lake la zana lilikuwa chini ya kitanda. Mama mwenyewe ndiye aliyelivuta. Tukapasua kasha la chai la dukani. Shida ya kwanza ilikuwa kipimo, maana mimi nililiona gari kwa mbali na yeye kwa karibu. Nikamfanya askari kipimo. Kila adhuhuri alilala kando ya gari, miguu usawa wa gurudumu la mbele, na kofia yake haikulifikia la nyuma. Nikashona askari wa matambara, mrefu kama kidole changu cha kati, nikamlaza juu ya ubao na kupima kila kitu kwake. Ikabaki urefu wa magurudumu.

"Lanifika hapa," mama akasema, akaweka mkono nyongani.

"Na wewe wamfika wapi askari?"

"Astaghfirullahi! Mie nimesimama na askari?" Akanuna. Akapasua ubao mmoja, akapasua wa pili. "Kifuani," akasema.

Njiti za magurudumu zilikuwa miba ya mchungwa. Mpira ulitoka kwenye ukanda wa makubadhi ya baba, ambayo aliyatafuta nyumba nzima huku mama akimsaidia kutafuta. Minyororo ilikuwa mkufu uliokatika. Usukani ulikuwa bangili yangu ya uchanga, na mkanda wa pua niliushona kwa ngozi iliyobaki, nikautia na bizimu yake, ndogo kushinda punje ya mchele. Rangi ilikuwa ile nyekundu ya kutia ukindu. Mama alilitia tumbo lake bati la biskuti, akalipigilia vichwa vya sindano, na mahali pamoja akaacha tundu, akachonga kijiti akakitia. Nilisema hakuna atakayepindua gari atazame tumbo. Akasema, "Kama kipo, kipo."

Lakini katikati hatukuwa napo. Mimi nilikoma mabegani mwa gari, yeye alikoma magotini mwake, na ule ubavu baina yetu hakuna aliyeuona sawasawa. Tukauweka ubao mtupu. Ukawa mbaya, umepwaya. Tulikuwa watu wa Ndia Kuu. Hatujapata kuona kitu cha fahari, kinachosimamishwa njiani kitazamwe, ambacho uso wake haukuchongwa. Mimi na mama tuliamini kabisa kwamba mzungu mwenye gari kama lile hangekosa fundi. Nikachukua patasi ya babu nikachonga ubavu wote: mnyororo pembeni, mawaridi katikati, vile vile kama kizingiti cha mlango wetu, na kati ya mawaridi nikaandika saba kama nilivyofundishwa chuo cha Kurani, kwa tarakimu za Kiarabu. Baba alipoliona alikaa chini. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kilemba, na tulipomwuliza kama ndivyo lilivyo, alituangalia mmoja mmoja akasema, "Ndivyo. Ndivyo hasa."

Lilipokwenda halikuwashwa. Hamali walilifunga kamba wakalivuta wakiimba. Mama alisimama nami dirishani, jambo asilolifanya kamwe, gari letu dogo mikononi mwake, akilinganisha. Lilipopinda kona aliliweka letu rafuni akarudi jikoni. Leso ile aliifua kwa sabuni, akaifua kwa majivu, harufu ikatoka na mabaka yakakataa. Watu wengine wangeikata vitambaa vya jikoni. Yeye aliikunja akaiweka kashani chini ya nguo zake nzuri, na alipokufa nikairithi pamoja na zilizobaki, nikadhani ni ubahili.

Nami niliolewa, nikazaa, nikazoea, na binti zangu sikuwafungia. Kwa miaka mingi nilimweka mama moyoni kama mtu aliyefunga mlango. Nilimpenda, lakini hivyo ndivyo nilivyomweka.

Sasa nirudi juzi. Chupa iko wazi, mtoto yuko mvunguni, akaingia mwanangu mkubwa, ambaye ni fundi wa magari. Akanusa, akacheka. "Mama, wajua magari ya mashindano ya zamani yalitiwa mafuta haya haya ya mbarika kwenye injini? Na yalivuja, basi! Chini yake palikuwa dimbwi."

Ili kumtoa mtoto mvunguni alilichukua gari letu rafuni, akamwonyesha mawaridi, akatania kama anavyotania siku zote, kwamba mimi bibi yake ndiye mtu pekee duniani aliyelitia gari mlango wa Mombasa. Kisha akalipindua. Sijui kwa nini hakuwahi kulipindua miaka yote hiyo. Akatoa miwani.

"Nani alitengeneza tumbo?"

"Bibi yako, mama yangu. Aliliona akiwa ndani ya shiraa, akipita."

"Akipita? Hapana, mama." Alisema kwa upole, kama anavyowaambia wenye magari habari mbaya. "Haya hayaonekani kwa kupita. Hata kuinama hakutoshi. Kijiti hiki ukitaka kukiona, upige magoti, kichwa kifike chini kabisa."

Niliondoka nikaenda kwenye kasha. Leso ilikuwa mahali pake. Niliikunjua kitandani, na kwa mara ya kwanza niliyatazama yale mabaka. Yalikuwa mawili, ya mviringo, yako sambamba, yameachana kiasi cha magoti ya mwanamke mwembamba. Nililia kama mtoto. Mama yangu, ambaye ukucha wake haukuonekana, alipiga magoti katikati ya Ndia Kuu, mchana, mbele ya askari, kwenye dimbwi la mafuta, kwa sababu nilimwambia hajui mtu kutaka kitu. Naye ngazi kama ile alikuwa amekatazwa kuishuka alipokuwa na umri wangu ule ule, na hakuwa na mtu wa kumwendea chini kumtazamia.

Alasiri ile, lau ningekuwa mahali pangu pa kila siku, ningeiona shiraa ikifika kando ya gari, ikisimama, kisha ikishuka, ikishuka, mpaka ncha zake zikalala vumbini. Nilikuwa chumba cha nyuma, nimeuelekea ukuta.