Kikokotoo cha Mama Dekio

Hasira aliyokuwa nayo Mama Dekio siku ile ungeigusa kwa kidole ungeungua. Na asije mtu akasema haikuwa na haki. Ilikuwa nayo, tena ya kutosha na kubaki.

Mwanamke huyu alikuwa mfanya usafi wa chuo cha ufundi, mwaka wa kumi na mbili huo. Jina la Mama Dekio alibandikwa na wanafunzi kwa kuwa hawakuwahi kumwona bila dekio mkononi, naye akalipokea, maana kugombana na watoto wa watu ni kazi nyingine. Kila saa saba mchana mkufunzi wa elektroniki alikwenda kula akamwachia ubao umejaa moja na sifuri, na michoro ya mageti: hili linapitisha umeme pale tu swichi zote mbili zikiwashwa, lile linaridhika na mojawapo. Yeye kazi yake ilikuwa kufuta. Alifuta, ila alisoma kwanza. Hebu fikiria, miaka kumi na miwili ya kusoma kwanza!

Kwenye kompyuta kuukuu ya pembeni kulikuwa na mchezo wa kujenga kwa matofali, ambao wanafunzi waliutumia kujenga majumba na kubomoleana. Mchezo ule una unga mwekundu. Ukiumwaga chini unapitisha umeme kama waya. Basi saa ya mapumziko, wenzake wakijinyoosha stoo, Mama Dekio alikaa pale na magambuti yake akipanga swichi, taa na unga. Geti la kwanza lilimchukua wiki nzima na matusi kadhaa ya chinichini. Baada ya miezi tisa akawa na kikokotoo kipana kama uwanja wa mpira, chenye safu mbili za swichi nane nane za kuingizia namba kwa moja na sifuri kama za ubaoni, na ukuta wa taa wa kuandika jibu. Akakihifadhi kwa jina moja tu: Dekio.

Tena alikijenga kama anavyopiga deki. Mtu wa deki huanzia ndani kabisa, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, na hakuna kukanyaga mpaka pakauke. Kikokotoo chake vilevile kilianzia mwisho wa kulia, kinachozidi kikabebwa hadi swichi inayofuata, hatua kwa hatua, mpaka upande wa pili. Hesabu isiyo na cha kubeba ilitoa jibu papo hapo. Hesabu ya kubeba sana ilichukua sekunde nane, na katikati ukuta uliandika upuuzi mtupu. Kwa hiyo akaweka kitaa cha bluu pembeni. Kikiwaka, sakafu bado mbichi, usisome. Kikizima, pamekauka, pita.

Siku alipomwonyesha mkufunzi, alijumlisha mbili na nne. Ukuta ukaandika sita. Mkufunzi akatoa macho.

"Ala! Mama Dekio, ni wewe huyu?"

"Ni mimi, mwalimu. Na nimesikia nafasi ya msaidizi wa maabara iko wazi. Nisemee kwa mkuu."

Mkufunzi alicheka mpaka akajishika mbavu. "Msaidizi wa maabara, na hayo magambuti?"

"Cheka, lakini ngoja kwanza nikuonyeshe hiki kitaa…"

Simu ya mkufunzi ikaita, akatoka nayo, hakurudi.

Sasa siku ile, wiki tatu baadaye, Mama Dekio akaingia kusafisha maabara kwa sababu bodi ya chuo inakuja. Akatupa jicho kwenye kompyuta. Jina la Dekio limefutwa. Mbele ya kikokotoo chake, ndani ya mchezo, kumesimikwa kibao chenye jina la mpwa wa mkufunzi, kijana aliyemaliza masomo mwaka jana na ambaye mjomba wake alimtaka kwenye nafasi ileile. Bodi ilikuwa inakuja kuangalia "ubunifu" wake! Miezi tisa ya mapumziko yake, jamani, imekwenda na maji. Na huyo mpwa hapohapo akapita na viatu vyake juu ya korido aliyotoka kuideki.

"Samahani, mama, sikuona," akasema bila hata kugeuka.

Damu ilimchemka. Angeweza kupiga kelele, lakini nani angemsikiliza mtu mwenye ndoo? Akasimama mlangoni na ndoo yake. Leo, akajiapiza, mtu asijaribu kunitoa hapa.

Mkuu wa chuo, mama mmoja wa miwani na maneno machache, akaingia na wanabodi. Mpwa akajumlisha mbili na nne. Sita. Makofi. Nane na moja. Tisa. Makofi tena, na kila kofi lilimwingia Mama Dekio kama sindano.

Kisha mzee mmoja wa bodi, mtu wa mizaha, akasema, "Chuo kina wanafunzi mia moja ishirini na saba. Kesho anaingia mmoja. Tutakuwa wangapi?"

Mpwa akaweka namba, akavuta wenzo wa kuanzisha hesabu. Ukuta ukaandika 126.

"Loo! Kaingia mmoja, wakatoka wawili?"

Ukuta ukaandika 124.

"Wanazidi kutoroka!" Watu wakaangua kicheko. Mpwa akazima haraka, akawasha tena. 126. Akazima. "Mjomba?" akaita.

Na mjomba, badala ya kumeza aibu yake, akaona pa kuitupia. "Waheshimiwa, niwe mkweli," akasema. "Kitu hiki si kazi ya kijana wangu. Kimejengwa na huyu mama wa usafi, peke yake, kuanzia tofali la kwanza mpaka la mwisho. Ndiyo maana kibovu!"

Macho yote yakageukia mlangoni.

"Mmemsikia?" Mama Dekio akauliza. "Mkuu, umemsikia? Peke yake, kasema."

"Nimemsikia," mkuu akajibu.

Mama Dekio akaiweka ndoo chini, akapita katikati yao na magambuti yake. Akaweka mia moja ishirini na saba, akaweka moja, akavuta wenzo, akakunja mikono. 126. 124. 120.

"Unaona, kibovu," mkufunzi akasema.

"Usikanyage, bado pabichi!" Alimkemea kama mtoto. 112. 96. 64. Ukuta ukaandika sifuri, mtu akaguna. Kisha zikawaka taa za 128, zikatulia, na kitaa cha bluu kikazima.

"Sasa someni," akasema.

Mkuu alisoma, akavua miwani, akaivaa akasoma tena. Mkufunzi akakohoa. "Bila shaka, chini ya uelekezi wangu…"

"Uelekezi upi?" Mama Dekio akamgeukia. "Wewe ulichonifanyia ni kuacha ubao mchafu. Miaka kumi na miwili. Hukuwahi hata kuniachia dasta mahali pake!"

Mkuu akachukua fomu ya ile nafasi iliyokwisha kujazwa, akakata jina la mpwa kwa mstari mmoja. "Mama," akasema, "jina lako kamili ni nani? Naona aibu, silijui."

Akalitaja, polepole, mara mbili, ili liandikwe sawasawa. Kisha akamgeukia mpwa, hasira bado ipo palepale, akamnyooshea mkono kuelekea mlangoni.

"Korido ina alama za viatu vyako," akasema. "Dekio lile pale."