Nilihama Chaneli, Lawama Nikamwachia Baba Neema

Ni mimi niliyeharibu sauti kwenye ile sendoff ya Ngaramtoni. Nimekana kwa miezi kumi na minne, mbele ya bendi, mbele ya mume wangu, na mara moja hata kwenye maombi, ambako nakiri ilikuwa kujisumbua bure.

Hamnijui na sitajitaja. Nina miaka arobaini na tisa, nina digrii mbili, na huwa naandika makala kuhusu uadilifu. Wikiendi napiga gitaa kwenye bendi ya watu wazima wenzangu, tunaotumbuiza kwenye harusi na sendoff, zile sherehe za kumuaga bibi harusi, hapa Arusha. Mazoezi tunafanyia Moshono, kwenye gereji ya Lazaro, mpiga besi na kiongozi wetu.

Yote yalianza nilipojikwaa kwenye waya wa gitaa nikaangukia ngoma. Lazaro alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, wewe piga gitaa. Ngoma tuachie wenyewe."

Wiki iliyofuata nikanunua kifaa cha kupigia gitaa bila waya. Kipande kimoja unakichomeka kwenye gitaa, kingine kwenye amplifaya, vinawasiliana hewani. Nilitoka gereji nikipiga, nikafika kwenye migomba, na sauti ikaendelea kutoka kule ndani. Nilijisikia binti wa miaka ishirini. Mume wangu alisema nafanana na mtu anayetafuta mtandao.

Ambaye hakufurahi ni Baba Neema, fundi mitambo wetu. Ni mtu mpole, kanizidi miaka michache, na kazi hiyo aliianzia kwenye kwaya ya usharika wake. Alinieleza taratibu kwamba maikrofoni za ukumbini nazo hazina waya, na vifaa viwili vikikutana kwenye chaneli moja vinaharibiana. Hata usipopiga gitaa, kifaa kikiwa kimewashwa kinarusha. Kwa hiyo alikuwa na sheria moja. Kabla ya shughuli anampa kila mwenye kifaa chaneli yake, anaiandika kwenye kipande cha plasta na kukibandika kwenye mikisa, pale anapoongozea sauti. Yangu ilikuwa saba.

"Ukitaka kuhama, dada, niambie kwanza. Hata kama nakula."

"Baba Neema, mimi nimesoma," nilimjibu. Ulikuwa utani. Nadhani ulikuwa utani.

Siku ya Ngaramtoni mambo yalikwenda vizuri mpaka wakati wa chakula. Tulikuwa tumepanga kwamba ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ikiingia, mimi niitangulie, nipite katikati ya meza nikipiga. Nilikuwa nimeiwazia safari hiyo wiki nzima, pamoja na gauni. Nikajaribu gitaa kidogo, nikasikia linakwaruza. Baba Neema alikuwa ndiyo kwanza amepewa sahani yake, kule mbali karibu na mlango. Ningeweza kutembea hatua thelathini. Lakini nilikuwa nimebishana naye juu ya kifaa hiki miezi miwili, na sikutaka anione nahangaika nacho. Nikabonyeza vitufe mwenyewe. Saba ikawa tatu. Mkwaruzo ukaisha, nikajipongeza.

Tatu ilikuwa maikrofoni ya MC.

Kabla ndafu haijaingia, MC alimwita baba wa bibi harusi amwage baraka. Alikuwa mzee mfugaji, mrefu, si mtu wa kusema ovyo. Alishika maikrofoni kwa mikono miwili, akaanza kumwita mwanawe kwa jina la utotoni. Spika zikapiga ukelele kama mashine ya kusaga. Akanyamaza. Akaanza tena, sauti ikakatika kila neno la pili. Kuna waliocheka.

"Fundi vipi, umelala?" MC akauliza, na waliocheka wakaongezeka.

Baba Neema aliacha sahani akakimbia. Alikagua mikisa, akakagua spika, akapita hata nyuma yangu akiinama kwenye nyaya. Mimi nilisimama na gitaa langu, nikiwa nimeshaelewa, nikitazama mapambo. Mzee aliiweka maikrofoni mezani. Akamalizia baraka kwa sauti yake mwenyewe, na hakuna aliyeisikia kupita meza ya kwanza.

Wakati watu wamesimama kumpigia makofi, nikarudisha saba.

Jumanne tulikutana gereji. Lazaro alikuwa ameshapigiwa simu na familia. "Naomba niulize mara moja tu," alisema. "Kuna mtu alihama chaneli?"

"Mimi yangu ni saba," nilisema. "Angalieni."

Wakaangalia. Ilikuwa saba. Baba Neema alinitazama, akaanza kukunja nyaya zake vizuri, moja moja, kama afanyavyo siku zote.

Lazaro akamwambia apumzike kidogo. Kupumzika huko hakukuisha. Shughuli za upande ule watu wanapeana mafundi kwa mdomo, na kwa mdomo huohuo jina lake likafutika. "Yule wa Ngaramtoni" ndilo likawa jina lake. Nililisikia mwenyewe kwenye harusi mbili, na mara moja nilitikisa kichwa kwa masikitiko.

Alhamisi iliyopita nilikwenda sokoni Ngaramtoni, nikakutana na Mama Neema akiuza maharage. Alinikumbatia.

"Dada, umepotea! Baba Neema kila nikija sokoni ananiambia, ukimwona dada wa gitaa, msalimie sana."

"Hajambo?"

"Yupo shambani tu. Mitambo tunaiuza, Jumamosi kuna mtu anakuja kuitazama. Inakaa bure, inaliwa na vumbi."

Nilirudi nyumbani nimeamua. Na hapa ndipo mtanijua mimi ni mtu wa aina gani: badala ya kupiga simu, nilikaa kuandika nitakachosema. Niliandika mara nne. Ijumaa nikabadilisha mwanzo. Jumamosi niliona neno "majuto" limejirudia, nikalitafutia jingine.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu amebeba kosa lako, usingoje maneno yakae vizuri. Piga na maneno mabaya. Piga huku unatetemeka. Mimi nilipiga Jumapili baada ya ibada, na karatasi mkononi.

"Shikamoo, Baba Neema."

"Marahaba, dada. Habari za siku?"

Karatasi sikuisoma. "Ile siku ya Ngaramtoni, ilikuwa mimi."

Nikasikia ng'ombe upande wake, na mtu akikohoa.

"Najua," alisema.

"Tangu lini?"

"Siku ileile. Nilipoinama nyuma yako niliona tatu kwenye kile kifaa chako. Mimi nilikuandikia saba."

"Mbona hukusema?"

"Lazaro alipouliza, nikasema moyoni, dada ni msomi, atasema mwenyewe. Labda si leo. Nikawa nakutumia salamu."

Nilimwambia nitamweleza Lazaro leo hii, nitaiandikia ile familia, nitawaambia wote, arudi.

"Yule mtu alikuja jana," alisema, kwa upole uleule. "Amechukua vyote. Mpaka nyaya. Asante kwa kupiga, dada. Wasalimie nyumbani."

Akakata.